Nakala Tatu za Mama Funguo

Kabla idara ya sheria haijapata kitabu hata kimoja, ilikwisha kupata makufuli ishirini na matatu na mtu mmoja wa kuyafungua. Mtu huyo alikuwa Mama Funguo. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye faili huko utawala, na sidhani kama kuna aliyewahi kulisoma. Wanafunzi walimwita hivyo kwa sababu alitembea na funguo zote kwenye kamba aliyoifunga kiunoni, na ukizisikia zinalia kwenye korido ulijua kuna mlango unakwenda kufunguliwa. Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa mhudumu wa ofisi. Kazi yake ya kweli ilikuwa kila kitu ambacho wasomi wale hawakujua kufanya.

Jengo lenyewe lilikuwa karakana ya useremala ya chuo. Mafundi walihamishwa, mashine zikang'olewa, kuta zikapakwa rangi ya maziwa, kikabandikwa kibao juu ya mlango. Harufu ya gundi ya mbao ndiyo iliyokataa kuhama. Siku za joto ilipanda kutoka sakafuni, na watu wakapiga chafya katikati ya somo la mikataba. Chumba kikubwa kuliko vyote kilifanywa mahakama ya mazoezi. Jukwaa la hakimu lilipigiliwa kwa mbao walizosahau mafundi, kiti chake kiliazimwa ofisi ya makamu mkuu wa chuo na hakikurudi, na nyundo ya hakimu ilikuwa nyundo ya mti ya seremala iliyookotwa nyuma ya jengo. Majoho meusi yalikuwa ya kwaya ya chuo. Mama Funguo aliyafumua nembo mwenyewe kwa wembe, moja baada ya jingine, wiki nzima.

Jumanne ilikuwa siku ya mahakama. Jumatano ilikuwa zamu ya dawati la msaada wa kisheria, ambapo watu wa mitaani wenye mashauri na wasio na wakili waliingia na bahasha zao zilizokunjamana, wanafunzi wa mwaka wa tatu wakawasikiliza na kuwaandikia. Ijumaa walimu wanne walikaa kikao, na kikao kizima kiliishia kwenye ugomvi wa projekta moja. Katikati ya hapo wanafunzi walikuwa na chama chao, na chama kilikuwa na katiba ndefu kuliko idadi ya wanachama. Mama Funguo alikuwa akiwachekea kimoyomoyo. Wana wa watu, alisema, wanagombea uenyekiti wa chama ambacho mwenyekiti wake ndiye anayenunua chaki.

Mahakamani kwao alianza kama mfagiaji tu. Jumanne moja mwanafunzi aliyepangiwa kuwa shahidi aliugua tumbo. Yeye alisema tumbo, Mama Funguo aliona ni woga. Wakamwomba Mama akae kizimbani badala yake, ajifanye mjane aliyenyang'anywa cherehani. Akakaa. Wakamhoji, wakamzungusha, wakamtega kwa maswali ya ncha kali, naye akawajibu taratibu kama mtu anayechambua mchele. Mwisho wakili wa upande wa pili alipoteza mstari, akamwita shahidi "mama yangu", na chumba kizima kikaangua kicheko. Tangu siku hiyo hakuna kesi ya mazoezi iliyokwenda bila Mama Funguo. Amekuwa mjane, amekuwa jirani aliyesikia kelele, amekuwa muuza duka, mara moja amekuwa hata maiti.

Aliyempenda zaidi katika watoto wale alikuwa binti mmoja mwembamba, mrefu, waliyemwita Pingamizi. Binti huyu hakuweza kuona mtu anamaliza sentensi. Hakimu akifungua mdomo, yeye tayari yuko wima: "Pingamizi, Mheshimiwa." Hata kwenye foleni ya chakula alipinga. Alikuwa na akili zinazokimbia mbele yake, na moyo mwepesi. Alikuja kwa Mama Funguo asubuhi kabla ya darasa, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, wakanywa chai ya chupa moja. Mama Funguo hakujaliwa kupata mtoto. Ukichanganya hayo mawili, utajua mwenyewe yule binti alikuwa amekaa wapi moyoni mwake.

Sasa tuje kwenye nyumba.

Marehemu mume wa Mama Funguo alikuwa fundi mwashi. Mchana alijenga nyumba za watu, jioni na Jumapili akajenga yake, miaka kumi na mmoja, chumba kimoja kimoja. Kiwanja alipewa na baba yake kwa mdomo, baba na mtoto, nani angedai karatasi? Mama Funguo ndiye aliyekuwa akimpa matofali, kwa hiyo hakuna tofali la nyumba ile ambalo halikupita mikononi mwake. Chumba cha mwisho kilikuwa cha mama mkwe, ambaye miguu ilikuwa imekwisha kumgomea. Fundi aliliweka dirisha la chumba hicho chini sana, karibu na sakafu, ili mama yake akiwa amelala aone njia. Bibi kizee yule alikuwa akiwatambua watu kwa miguu. "Miguu ya mwanangu imechoka leo," alisema kila Mama Funguo alipopita dirishani akitoka kazini, na kweli ilikuwa imechoka. Fundi alipokufa, wakabaki wanawake wawili ndani ya vyumba vitatu, mmoja akimpikia mwenzake na mwenzake akimsimulia waliopita njiani. Mkwe na mavyaa wanaopatana ni wachache, lakini hawa walipatana.

Shemeji alisubiri miaka miwili, kwa adabu, kisha akaenda mahakamani. Kiwanja bado kilikuwa na jina la marehemu baba yao. Yeye ndiye mwana wa kiume aliyebaki. Alikuwa na mnunuzi. Mahakama ya chini ilitazama karatasi, na karatasi zilikuwa za shemeji. Miaka kumi na mmoja ya matofali haikuwa na karatasi. Hakimu alisoma hukumu kwa dakika nne, akamaliza kwa kusema asiyeridhika ana siku thelathini za kukata rufaa.

Penye miti hapana wajenzi, wahenga walisema, lakini Mama Funguo aliona yeye yuko penye miti na penye wajenzi pia. Jumatano iliyofuata alifungua mlango wa dawati la msaada kwa ufunguo wake, akapanga viti, akafuta meza. Kisha akaizunguka meza hiyo, akaketi upande wa wateja, mikono mapajani. Pingamizi alipoingia alidhani ni mazoezi, akacheka. Mama Funguo hakucheka. Binti akavuta kiti.

Siku kumi na sita Pingamizi alilala na kuamka na shauri lile. Alisoma vitabu vyote vya rafu yao moja na nusu, akaenda kukopa vingine kwenye maktaba ya mji. Alikwenda hadi nyumbani, akapima kuta kwa futi, akaandika maelezo ya mafundi waliowahi kufanya kazi na marehemu. Mama mkwe alimtazama akipita dirishani akasema, "Huyu wa kwako ana miguu ya haraka. Mwambie asijikwae." Siku ya kumi na saba rufaa ilikuwa tayari: kurasa tisa zilizopigwa chapa vizuri, sababu saba. Mama Funguo akatia sahihi nakala tatu, moja ya mahakama, moja ya shemeji, moja yake mwenyewe. Aliandika jina lake polepole, ulimi nje kidogo, jina lile ambalo hakuna aliyelijua. Pingamizi akazikusanya zote tatu akazipeleka kwa mwalimu wa vitendo, kwa kuwa yeye peke yake pale ndiye aliyekuwa wakili kamili mwenye muhuri, na ndiye aliyezoea kupeleka hati za wateja masijala ya mahakama.

Hapo ndipo penye kisa, na ni kisa ambacho kingeweza kutokea pale tu. Dawati la msaada lilikuwa msaada kwa watu wa mitaani, lakini kwa idara lilikuwa somo. Somo lina alama. Kwa kanuni za chuo, kila kazi ya somo hilo hukabidhiwa kwa nakala tatu: moja ya msahihishaji wa kwanza, moja ya msahihishaji wa pili, na moja ya mtahini wa nje, ambaye huja mwisho wa mwaka. Na kazi ikishasahihishwa haitoki kabatini mpaka mtahini wa nje aione. Kanuni ilikuwa nzuri, ilizuia wizi wa alama. Wiki ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya kukabidhi kazi. Mwalimu alipokea nakala tatu, kama alivyopokea nakala tatu kutoka kwa kila mwanafunzi, akaamini zile za mahakama zimetengwa zitamjia baadaye. Binti aliona nakala tatu zimepokelewa na wakili mwenye muhuri, akaamini zimekwenda mahakamani. Kila mmoja akamtupia mwenzake mzigo bila kujua, na mzigo ukaanguka katikati.

Aliyeufungia ni Mama Funguo mwenyewe. Mwalimu alimletea mabunda yaliyofungwa kwa karatasi ya kaki, mazito, akamwomba ayatie kwenye kabati la chuma mwisho wa korido. Akayapanga kwa adabu, akafunga, akazungusha ufunguo mara mbili kama kawaida yake. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Kila asubuhi alilipangusa kabati lile vumbi. Chupa yake ya chai aliiweka juu yake.

Siku chache baadaye mwalimu alisimama mbele ya mkutano wa idara nzima akatangaza kwamba kazi bora tangu idara ianzishwe ilikuwa rufaa moja ya nyumba, na imepata alama themanini na mbili. Makofi yalipigwa mpaka vumbi la mbao likadondoka darini. Pingamizi, aliyedhani mwalimu aliisahihisha kabla ya kuipeleka mahakamani, alikimbia nyuma ya ukumbi, akamshika Mama Funguo mkono, akauinua juu kama wa bondia. Mama Funguo hakujua afanye nini na uso wake. Jioni alipeleka habari nyumbani.

"Themanini na mbili kati ya ngapi?" mama mkwe akauliza.

"Mia, Mama."

"Basi zimebaki kumi na nane. Mimi hizo ndizo zinazonitisha."

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Lakini ile nakala yake mwenyewe, ya tatu, haikuja. Mara mbili Mama Funguo alipita mlangoni kwa mwalimu akitaka kuiulizia, mara mbili akamkuta ameinamia mitihani, akageuka. Mtu amekutendea hisani ya namna ile, utamgongea mlango umdai karatasi? Aliona haya. Aibu ndogo tu, ya mtu mwenye malezi mema, na mpaka leo anaijutia kuliko madhambi yake yote.

Ikaja likizo, ikaisha. Asubuhi moja ya Jumatatu shemeji alifika na dalali wa mahakama na amri ya kuhama ndani ya siku kumi na nne. Mama Funguo aliipokea karatasi. Alimkaribisha shemeji ndani, shemeji akasema haketi. Basi akamwambia pale pale mlangoni, kwa upole, "Shemeji, hujaambiwa? Kuna rufaa."

Shemeji alimtazama dalali. Dalali akatazama viatu vyake. Hakuna rufaa, dalali akasema, yeye asingepewa amri kama ingekuwapo.

Mama Funguo alikwenda masijala siku hiyo hiyo, kwa miguu, akiwa na hakika kwamba ni kosa la dalali. Karani wa masijala alipitisha kidole kwenye daftari la rufaa, akafika mwisho, akarudi nyuma kurasa tatu kwa huruma tu. Hakuna kitu, mama. Siku zilikuwa zimefika hamsini na moja. Akatoka, akarudi chuoni, akaingia korido bila kumsalimu mtu. Funguo zilikuwa zinalia kiunoni, na alipofika kwenye kabati la chuma alizishika zinyamaze. Hajui nini kilimwambia atazame hapo. Akafungua bunda la tatu.

Zilikuwa pale. Zote tatu. Ya kwanza ilikuwa na wino mwekundu pembeni: hoja nzuri sana, lugha safi, ushahidi umepangwa vyema. Ya pili nayo ilikuwa na wino mwekundu, kidogo zaidi. Ya tatu ilikuwa safi, ikimsubiri mtahini wa nje. Mama Funguo aliketi sakafuni mgongo ukiegemea kabati.

Mwalimu wa vitendo alipoziona alitia mkono mdomoni. Tusimwonee: alilia. Hakuwa mtu mbaya. Alisema bado kuna mlango mmoja, maombi ya kuongezewa muda, na akayaandika usiku kucha. Lakini maombi hayo yanataka sababu, na sababu inataka mtu aape mahakamani kwamba yeye ndiye aliyezichelewesha hati na aeleze ilikuwaje. Yeye mwenyewe angekuwa wakili wa maombi, na wakili hawezi kuwa shahidi wa shauri analolisimamia. Kwa hiyo walikwenda kumwomba Mkuu wa idara aape kwa niaba ya idara, wote watatu, Mwalimu, Pingamizi na Mama Funguo.

Mkuu aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akazungumza juu ya wakaguzi. Wakaguzi wa ithibati walikuwa wanakuja baada ya wiki mbili kuamua kama idara hii ipewe kibali au ifungwe. Idara ni mtoto mchanga, alisema; leo ikaape mbele ya mahakama kwamba imefungia rufaa ya mjane kabatini? Wanafunzi mia na sitini watakwenda wapi? Alimpa Mama Funguo pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Alitoa barua yenye nembo ya chuo iliyosema kwamba Mama Funguo ni mtumishi mwaminifu. Mganga hajigangi, lakini huyu hata kidonda hakutaka kukifunua.

Walipotoka nje, Pingamizi alimshika Mama Funguo mkono kwenye ngazi. "Mimi nitaapa, Mama. Mimi ndiye niliyempa Mwalimu zote tatu. Nitasimama niseme hivyo hivyo."

Siku ya shauri ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Walikubaliana wakutane kwenye benchi la nje saa mbili na nusu, binti atie sahihi kiapo chake mbele ya ofisa wa mahakama, kisha waingie. Mama Funguo alifika saa moja na nusu. Alivaa gauni alilovaa siku ya kuzindua idara. Kwa mazoea alikuja na kamba yake ya funguo kiunoni. Aliikumbuka akiwa amekwisha fika. Kila viatu vilipolia kwenye sakafu ya ukumbi aliinua uso. Alijua miguu ya Pingamizi, ilikuwa ya haraka, haikuhitaji kutazamwa. Ikafika saa mbili na nusu. Ikafika tatu kasorobo. Mwalimu alipiga simu mara nne, haikupokelewa. Saa tatu jina lilisomwa.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na sauti ya chini. Alisoma maombi, akayasifu kwamba yameandikwa vizuri. Akauliza, aliyekuwa na karatasi hizi siku zote hizo yuko wapi? Mwalimu akasimama, akaomba ahirisho, akakataliwa. Mjibu maombi, yaani shemeji, alikuwa na mnunuzi anayengoja. Hakimu akauliza tena, hati zilikuwa wapi? Mwalimu akanyamaza, kwa sababu yeye ni wakili na si shahidi.

Ndipo Mama Funguo alipoinuka. Amehojiwa mara ngapi yeye? Ametegwa mara ngapi, na mara ngapi amejibu ukweli taratibu, chumba kikashangilia? Aliinua ile kamba kutoka kiunoni akaionyesha.

"Mheshimiwa, zilikuwa kwenye kabati la chuma, mwisho wa korido. Ufunguo ninao mimi."

Hakimu aliandika. Kalamu ilisikika. Uamuzi ulisomwa mchana wa siku hiyo hiyo, nao ulikuwa mfupi: hakuna kiapo cha mtu yeyote aliyeeleza kucheleweshwa kwa hati, na zaidi ya hayo, mwombaji mwenyewe amekiri mbele ya mahakama kwamba ufunguo wa mahali zilipokuwa hati ulikuwa mikononi mwake muda wote. Uzembe wa mtu hauwezi kuwa sababu ya kumsaidia. Maombi yametupwa.

Pingamizi alimjia siku tatu baadaye, asubuhi, kwenye ile ndoo. Hakuketi. Alieleza kwamba Mkuu alimwita ofisini saa moja asubuhi ile ya Alhamisi. Hakumtisha, hakumpazia sauti. Alimwonyesha tu fomu ambayo kila mhitimu hupeleka kwenye baraza la mawakili, na mahali ambapo mkuu wa idara hutia sahihi kwamba mhusika ni mwangalifu na anafaa. Akamwambia aende akafikirie. Binti alifikiri mpaka saa tatu ikapita.

Mama Funguo alikuwa ameshika dasta. Alikuwa amejiapiza kwamba hatasema neno. Moyo ukamshinda.

"Ningekuwa mama yako mzazi, ungekuja."

Binti hakupinga. Alisimama pale, mikono imening'inia, kisha akaondoka, na hatua zake safari hii hazikuwa za haraka. Mama Funguo alibaki na dasta mkononi akilia kwa yale yaliyomtoka mdomoni, na kwa nyumba, na kwa kuwa angependa kumwita yule mtoto arudi anywe chai na hakuweza.

Siku ya kuhama shemeji alikuja kumchukua mama yake. Damu ni damu, na sheria ilikuwa upande wake, hakuna aliyeweza kumkatalia. Bibi kizee aliomba kwanza wamshushe chini dirishani. Wakamshusha. Alitazama njia kwa muda, akamuuliza Mama Funguo, "Zile kumi na nane, mwanangu. Hawakukwambia zilikuwa za nini?" Mama Funguo alisema hawakumwambia. Wakambeba. Kwa shemeji alipewa chumba kizuri, kipana kuliko kile, lakini dirisha lake lilikuwa juu kama madirisha ya watu wote. Alikaa miezi mitano akitazama mawingu. Alipozikwa, Mama Funguo alisimama na majirani.

Yeye alipanga chumba kimoja nyuma ya soko na akaendelea na kazi. Watu walimuuliza, unawezaje kuingia tena mle? Angeenda wapi? Wakaguzi walikuwa wamekuja, wakasifu usafi wa jengo, wakasifu na utunzaji wa kumbukumbu za mitihani. Kibali kilitolewa. Mwalimu wa vitendo hakuongezewa mkataba, akahamia mji mwingine. Kabla ya kuondoka alikuja kumuaga Mama Funguo. Jumanne walimwomba Mama awe shahidi, akasema koo linamsumbua. Waliomba tena, kisha wakazoea kutomwomba.

Ikapita miaka miwili. Wahitimu wa kwanza walivaa majoho ambayo safari hii yalinunuliwa, na aliyeongoza darasa akabakizwa awe msaidizi wa mwalimu wakati akisubiri kuapishwa uwakili. Huyo alikuwa Pingamizi. Alipewa somo la dawati la msaada. Alimwamkia Mama Funguo kila asubuhi, "Shikamoo, Mama," na Mama aliitika marahaba, akaishia hapo. Zaidi ya hapo hapakuwa na njia baina yao.

Jumatano ya kwanza ya mwaka Mkuu alimkabidhi Mama Funguo bahasha ya nakala arobaini kutoka chumba cha kuchapia, azipeleke darasani kwa wanafunzi wapya wa mwaka wa tatu. Ilikuwa mfano bora wa kazi, alisema, ili wajue kiwango. Mama Funguo aliigawa dawati kwa dawati. Alipofika safu ya pili ndipo alipotazama alichoshika. Kurasa tisa. Sababu saba. Majina yote yalikuwa yamepakwa wino mweusi, na sahihi pia, lakini mkia wa herufi ya mwisho ulitokeza chini ya wino, mkia mrefu, wa mtu anayeandika polepole. Aliendelea kugawa. Alisikia ile harufu ya gundi ya mbao kwa nguvu kuliko siku zote.

Mbele ya darasa Pingamizi naye alikuwa ameifungua yake. Uso ulimbadilika. Haikuwa chaguo lake, hilo Mama Funguo aliliona mara moja, na hata leo hamtilii shaka. Wanafunzi walisoma kimya kimya. Wengine walipigia mistari. Kijana wa safu ya nyuma, mwenye sauti ya kujiamini, akainua mkono.

"Mwalimu, hii ni kali. Huyu mrufani alishinda?"

Binti yule ambaye hakuwahi kumwacha mtu amalize sentensi alifungua mdomo, akaufunga. Alitazama karatasi. Alimtazama Mama Funguo aliyekuwa amesimama mlangoni na nakala zilizobaki. Darasa nalo likageuka kumtazama, bila kujua kwa nini.

"Alipata themanini na mbili, mwanangu," Mama Funguo akamjibu kijana.

Darasa lilicheka. Walidhani ni utani wa mhudumu, na ulikuwa utani mzuri. Pingamizi hakucheka, machozi yalikuwa yanamtiririka mbele ya wanafunzi arobaini kasoro wanne, wala hakuyafuta. Alimfuata Mama Funguo mpaka mlangoni, akanyoosha mkono kuzipokea zile nakala tatu zilizobaki. Akasema kwa sauti ya chini amwachie, atazitunza yeye.

"Hapana," Mama Funguo akasema. "Za kwenu zinakaa kabatini."

Akaenda nazo mwisho wa korido. Akaiondoa chupa yake ya chai juu ya kabati, akafungua, akaziweka, akafunga, akazungusha ufunguo mara mbili.